Timu iko mbali, kazi haisogei: tafuta chanzo kabla ya kumlaumu mtu

Anayeongoza watu wanaofanya kazi kutoka nyumbani huona vitu vitatu tu: ujumbe ulioandikwa, sauti ya kwenye simu na kazi iliyowasilishwa. Aliyekaa gizani akisubiri umeme urudi, hamuoni. Anayerudia faili lilelile kwa mara ya nne kwa kuwa hakuelewa alichoagizwa, hamuoni. Aliyefiwa na mjomba wake jana, hamuoni. Wote watatu wanamfikia kwa sura moja: "Huyu siku hizi hajitumi."

Nimeandika nikiwaza timu ya kawaida ya kwetu: ofisi ndogo Dar es Salaam, watu wawili Mwanza, mmoja Mbeya, mmoja Zanzibar, mwingine Nairobi au Kigali, kundi moja la WhatsApp na kikao cha mtandaoni kila Jumatatu. Tafuta dalili inayofanana na yako. Lakini dalili yoyote utakayoiona, kagua kwa mpangilio huu: kwanza vitendea kazi, yaani umeme, mtandao, kifaa na bando. Pili maelekezo uliyotoa. Tatu uwezo wa mtu kuifanya kazi hiyo. Nne haki: malipo, likizo, cheo. Moyo wa kazi uwe wa mwisho. Viongozi wengi huanzia mwisho kwa sababu hotuba haina gharama, wakati bando na betri vinahitaji bajeti.

Hapatikani mchana, kazi yake inaingia usiku

Anza na umeme, hata kama unadhani jibu unalijua. Tanzania ilipitia mgao mkali mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuingiza umeme kwenye gridi. Kenya nayo ilikaa gizani karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Siku kama hizo kila bosi anaelewa, kwa kuwa na yeye amekatikiwa. Shida ni siku ambayo umeme umekatika mtaa mmoja tu wa Mbeya na kwako taa zinawaka.

Chukua msaidizi wa uhasibu ambaye ripoti yake ya mauzo inatakiwa saa kumi jioni, na wiki nzima imekuwa ikiingia saa tano usiku. Ukimuuliza "kwa nini unachelewa?" utapata samahani. Mwambie hivi: "Nisimulie siku yako ya jana, tangu ulipowasha kompyuta mpaka ulipotuma." Hapo ndipo mambo yanatoka. Umeme unakatika saa sita mchana. Betri ya kompyuta imechoka, inadumu saa moja. Anaunganisha kompyuta na simu, lakini faili la ofisi ni kubwa na bando la siku linaisha kabla halijamaliza kushuka. Anasubiri bando la usiku kwa sababu ndilo analoliweza. Huyu hakuhitaji kuonywa. Alihitaji faili ligawanywe kwa mikoa, betri mpya, laini ya pili ya mtandao tofauti, na posho ya bando mwanzoni mwa mwezi. Neno "mwanzoni" nalisisitiza: kumrudishia mfanyakazi hela ya bando baada ya wiki tatu ni kumkopa bila kumuomba.

Kama vitendea kazi viko sawa, angalia nyumba. Mama mwenye watoto wanaotoka shule saa nane mchana hawezi kuwa na mchana sawa na wa kijana anayeishi peke yake Sinza. Usijaribu kuwalinganisha. Kubalianeni saa chache za pamoja, tuseme saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ambazo kila mtu atapatikana, kisha kila mmoja apange zake zilizobaki. Mwezi wa Ramadhani zipangwe upya. Kikao cha saa kumi na mbili jioni kwa mtu wa Zanzibar au Mombasa kinamkuta anaandaa futari, na hakuna atakachokisikia.

Na kama una watu Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, kumbuka wako nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Andika "14:00 saa za Dar" kila mara, maana "saa nane" kwa mtu aliyezoea kuhesabu saa kizungu ni asubuhi.

Wote wamejibu "sawa", kazi imekuja tofauti

Hapa naomba ukague simu yako kabla ya kumkagua mtu. Soma ujumbe uliotuma. Mara nyingi unafanana na huu:

"Wapendwa, naomba ile ripoti ya wateja iwe tayari mapema iwezekanavyo. Tusiangushane."

Ipi hiyo? Wateja wote au wa mwaka huu? Mapema ni leo au Ijumaa? Na "wapendwa" ni nani kati ya watu sita? Ofisini ujumbe huu ungepona, kwa sababu mtu angekuja mezani kwako kuuliza. Mbali, kila mmoja anabahatisha, au anangoja mwenzake abahatishe. Linganisha na huu:

"Naomba orodha ya wateja wa Mwanza ambao hawajanunua tangu Januari. Jedwali moja: jina, simu, tarehe aliyonunua mara ya mwisho, kiasi. Mkurugenzi ataitumia Alhamisi kuamua kama tupeleke afisa mauzo kule. Dada wa Mwanza ndiye mwenye kazi, wengine mpeni takwimu akiwaomba. Rasimu inifikie Jumatano mchana hata kama haijakamilika. Rangi na mapambo usihangaike navyo."

Ni mrefu zaidi, na umekuchukua dakika tano kuuandika. Lakini una mwenye kazi mmoja, una siku, unasema kazi itamfaa nani, na unasema kisichohitajika. Sentensi inayotaja uamuzi wa mkurugenzi ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu mtu anayejua kazi yake inakwenda kuamua nini anaweza kutumia akili yake pale maelekezo yako yanapoishia. Anaweza kukuambia, bila kuulizwa, kwamba wateja watatu wakubwa hawajaacha kununua, wamehamia tawi la Geita.

Usiulize "umeelewa?" Jibu ni ndiyo siku zote, hasa kwa mdogo kwa mkubwa wake. Uliza: "Unaanza na nini?" Jibu la swali hilo litakuonesha kama mko njia moja.

Jambo jingine ni ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti wa dakika nne ni rahisi kwa anayetuma na mzigo kwa anayepokea: hautafutiki, na haufunguki vizuri mtandao ukiwa hafifu. Maelekezo yaandikwe, yakae mahali pamoja palipo nje ya kundi la WhatsApp, kwa sababu kundi lina salamu za asubuhi, michango na picha za harusi, na agizo la Jumatatu linazama kabla ya chakula cha mchana.

Ikiwa agizo lilikuwa wazi na kazi bado imekosewa, shuka kwenye uwezo. Mwombe akuoneshe skrini yake afanye hatua kwa hatua huku unaangalia, na wewe ufunge mdomo. Mfumo mpya wa hesabu uliozinduliwa kwa mafunzo ya mchana mmoja huwaacha wengi wakikisia, na wenye umri na uzoefu ndio wanaoona aibu zaidi kusema. Mpangie mwenzake wa kufanya naye kwa wiki moja. Usimpeleke kwenye mafunzo mengine ya jumla.

Kikao kimya, wewe peke yako unaongea

Profesa Amy Edmondson wa Harvard, katika utafiti wa hospitali wa miaka ya 1990, aligundua jambo lililomshangaza: timu zilizoongozwa vizuri zaidi ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Alipochimba akaona kwamba pale watu walikuwa huru kuyasema makosa, wakati kwenye timu nyingine yalifichwa. Kikao kisicho na tatizo hata moja kwa hiyo kinapaswa kukushtua.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Mdogo hampingi mkubwa mbele za watu, na hiyo ni adabu njema tuliyolelewa nayo. Ofisini adabu hiyo ilikuwa na njia yake ya kando: kikao kikiisha, mtu anakufuata pembeni, "Mzee, kile kitu pale hakijakaa sawa." Mtandaoni kikao kikifungwa skrini inazimika, na ile njia ya kando haipo tena. Inabidi uitengeneze kwa makusudi. Mpigie mtu simu baada ya kikao, mmoja mmoja, bila ajenda kubwa: "Pale kwenye bei mpya, wewe unaonaje?" Tuma swali la kikao siku moja kabla ili asiyezoea kusema papo hapo ajipange. Kwenye kikao anza na wadogo, mkubwa amalizie, kwa sababu mkubwa akishasema mjadala umefungwa. Na anayeleta habari mbaya kwa mara ya kwanza mshukuru palepale, mbele ya wote, kabla hujauliza swali lolote. Jinsi utakavyompokea yeye ndiyo sheria ambayo wengine wataifuata mwaka mzima.

Kamera isiwe kipimo cha nidhamu. Inakula bando, na inaonesha nyumba ya mtu ambayo pengine hakupenda ionekane.

Mchapakazi wako amepoa ghafla

Dalili hii ndiyo inayoumiza na ndiyo inayotafsiriwa vibaya kuliko zote. Aliyekuwa anajibu mara moja sasa anajibu kesho. Aliyekuwa analeta mawazo sasa anafanya alichoambiwa tu.

Ulizia msiba, ugonjwa na mzigo wa nyumbani kwanza. Ofisini mtu akifiwa kila meza inajua, daftari la rambirambi linazunguka, wenzake wanakwenda kukaa naye, na bosi anaonekana msibani. Aliye mbali anaweza kuzika mzazi Jumamosi na kuingia kwenye kikao Jumatatu bila mtu kumwambia pole. Nimeona watu wazuri wakiondoka kazini kwa sababu hiyo. Mshahara ulikuwa unatosha, kilichowaondoa ni siku walipoliwa na upweke na ofisi haikuonekana. Kwa hiyo awepo mtu mmoja mwenye jukumu la kujua habari za watu: nani kajifungua, nani anauguza, nani kafiwa. Mchango uende kwa simu siku ileile, na anayeishi karibu atumwe aende. Ukiweza, nenda mwenyewe.

Kama nyumbani ni shwari, angalia kama anasahauliwa. Kampuni ya usafiri ya China, Ctrip, ilifanya jaribio Shanghai kuanzia mwaka 2010 kwa miezi tisa: wahudumu wa simu waliojitolea walipangwa kwa bahati nasibu, wengine wakafanya kazi nyumbani, wengine ofisini. Wa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa asilimia 13, na walioacha kazi kati yao walipungua kwa nusu. Viongozi wengi huishia kusoma hapo. Lakini utafiti huohuo, ulioongozwa na mchumi Nicholas Bloom wa Stanford, ulionesha kwamba ukilinganisha waliofanya kazi sawa, wa nyumbani walipandishwa vyeo kidogo kuliko wenzao. Jaribio lilipokwisha na watu kupewa uhuru wa kuchagua, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walirudi ofisini, na upweke ulikuwa moja ya sababu. Tafsiri yake kwako ni kazi ya jioni moja: chukua orodha ya waliopandishwa, waliotumwa safari na waliopelekwa mafunzo mwaka huu. Hesabu wangapi wanakaa karibu na mlango wako. Kama wa Mwanza na Mbeya hawamo, mchapakazi wako alishaiona orodha hiyo kabla yako.

Kampuni hiyohiyo, sasa ikiitwa Trip.com, ilijaribu tena kwa wafanyakazi 1,612, siku mbili za wiki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: walioacha kazi walipungua kwa theluthi, na safari hii upandishaji vyeo haukuathirika. Kwa timu yenye watu walio ndani ya jiji moja, mchanganyiko huo ndio ningeuchagua.

Sababu ya tatu ni kazi isiyosogea. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya karibu maandishi 12,000 ya shajara za kila siku kutoka kwa wafanyakazi 238, wakakuta kwamba kilichowapa watu hamu zaidi ni kuona kazi yenye maana imepiga hatua siku hiyo, hata hatua ndogo. Mameneja walipoulizwa, hicho ndicho walichokiweka nyuma ya vyote. Mtu wako akikuletea pendekezo na likakaa kwako siku kumi bila jibu, umemzuia kupiga hatua hata kama kila asubuhi unamtumia maneno ya kutia moyo. Kagua vitu vinavyosubiri saini yako. Vitoe leo, hata kwa "hapana" yenye sababu.

Na mshahara? Uliza waziwazi. Mtu aliyecheleweshewa malipo miezi miwili hapozwi na cheti cha mfanyakazi bora.

Wanajibu hadi usiku wa manane, kisha wanakosea

Chanzo karibu kila mara ni wewe. Ujumbe wa bosi saa nne usiku, hata ukiandika "si haraka", unasomwa kama haraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki kwa saa za kawaida, na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Kufanyia kazi sebuleni hakufuti sheria hiyo. Andika ujumbe wako usiku ukipenda, lakini upange utoke asubuhi.

Unatamani kuweka programu ya kuwachunguza

Tamaa hii nayo ni dalili, na inakuhusu wewe. Mwaka 2022 Microsoft iliuliza watu wa nchi mbalimbali: asilimia 87 ya wafanyakazi walisema wanazalisha, na ni asilimia 12 tu ya viongozi waliokuwa na imani kamili kwamba timu zao zinazalisha. Pengo hilo halizibwi na programu inayopiga picha skrini ya mtu kila dakika kumi. Itakuletea watu wanaosogeza kipanya. Tena Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo kukusanya picha za nyumbani kwa mtu bila msingi halali kunaweza kukufikisha pabaya.

Weka badala yake ubao mmoja ambao kila mtu anauona: kazi, mwenye nayo, siku, imefika wapi. Kama huwezi kusema kazi ya mtu kwa wiki ni ipi, kumpima kwa saa hakutakusaidia.

Mabadiliko yametangazwa, minong'ono imeanza

Ofisi inahamia mfumo mpya, idara mbili zinaunganishwa, au watu wanaitwa kurudi ofisini siku tatu kwa wiki. Kundi la kazi limekuwa kimya na pameundwa kundi jingine ambalo wewe humo. Usilisake. Lipo kwa sababu kuna swali ambalo hujalijibu, na swali lenyewe karibu siku zote ni lilelile: je, kazi yangu ipo?

Lijibu. Kama kuna watu watapunguzwa, sheria haikuruhusu kuwashtukiza. Tanzania inakutaka utoe taarifa ya kusudio mapema na kushauriana na wafanyakazi au chama chao. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, inataka taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Kama hakuna atakayepunguzwa, liseme hilo kwanza, kabla ya slaidi za faida za mfumo mpya. Na kama uamuzi haujafikiwa, taja siku utakayorudi kuwaambia, kisha urudi siku hiyo hata kama bado huna jipya. Wa mbali waambiwe saa ileile na wa ofisini. Aliye Kigali akisikia habari kutoka kwa dereva wa Dar, chochote utakachosema baadaye kitachujwa.

Ukiamua kuwarudisha watu ofisini, toa sababu ya kweli. Waliohama jiji kwa sababu uliwaruhusu wana kodi za nyumba na watoto shuleni, wape muhula mzima wa kujipanga.

Umekagua yote, bado hali ni ileile

Yupo mtu mwenye umeme, bando, agizo lililo wazi, ujuzi na mshahara wa wakati, na bado hafanyi. Ni wachache kuliko unavyodhani, ila wapo, na wenzake wanaobeba kazi yake wanakuangalia. Ongea naye kwa sauti au ana kwa ana, kamwe si kwa maandishi kwenye kundi. Taja kazi mbili au tatu mahususi zilizokwama na tarehe zake. Sikiliza. Kubalianeni wiki nne zenye vipimo vilivyoandikwa, na kila Ijumaa mpitie pamoja. Akibadilika, mwambie umeona. Asipobadilika, fuata taratibu za nidhamu za nchi anayofanyia kazi, pamoja na haki yake ya kusikilizwa, na mlipe stahiki zake zote siku ya kuondoka.